Tuliombea Turkana Mvua, Ikatufungia Njia

Kila anayekuja kuchukua nguo yake kwangu ananiuliza swali moja: "Mama Ochieng', huko Lodwar kulienda aje?" Mmoja nimempa habari ya mbuzi, mwingine nimempa habari ya mto, na kumbe mkikutana kanisani mnaunganisha vipande, na vipande havishikani. Nimesikia kuna mmoja wenu anasema mkwe wangu alibebwa na maji. Hakubebwa. Kilichobebwa ni sufuria. Kwa hivyo leo nimefunika cherehani, nimekaa, na nawaandikia yote mara moja ili nirudi kushona kwa amani. Mambo ya kupanga siku na kutafuta tikiti nitayaruka. Sijawahi kuona mtu akichekeshwa na tikiti.

KIANDA MPAKA KAWANGWARE

Kijana wetu Ochieng' hutengeneza pampu za visima, na kazi ilimpeleka Lodwar, huko Turkana, pamoja na mkewe Wairimu, binti wa Kawangware. Wairimu alijifungua kabla ya wakati. Mtoto alikuwa mdogo hivi kwamba Ochieng' alipotutumia picha, babake aliigeuza simu huku na huku akitafuta ni wapi kwenye blanketi pana mtu. Walikaa hospitalini wiki nyingi, mtoto akiwa dhaifu na mama akiwa mgonjwa, na sisi hapa Kibera, Kianda, tukafunga na kuomba. Sasa walikuwa wametoka wote wawili. Jumapili mtoto angepelekwa kanisani kutolewa shukrani na kupewa jina, na tukaitwa.

Mume wangu, Baba Ochieng', mnamjua. Ni fundi wa mawe, na mzee wa kanisa letu la mabati pale mtaa wa Raila. Mnajua pia anavyoomba. Jioni habari zikiisha, anazima redio na kuanza safari: Sudani, Kongo, Gaza, Ukraine, Haiti, halafu anarudi nyumbani kupitia Turkana kwa sababu ya ukame. Ukiwa na chai, inywe kabla hajafika Kongo. Watoto wangu wote walijifunza jiografia wakiwa wamefumba macho. Na Turkana alianza kuiombea mvua kabla Ochieng' hajaota ndevu.

Basi tukapanda boda boda hapo stendi ya Olympic, tukaenda kumchukua mkwe wetu, mamake Wairimu.

Mama Wairimu ni mwenye ploti. Babake alimwachia kipande hapo Kawangware, naye akakijaza vyumba, na vyumba vikajaa watu. Siku ya harusi hakutukataa. Alikuja, akakaa kiti cha mbele, mkoba magotini, kama mtu aliyekuja kusoma mita ya stima akaambiwa angoje kidogo. Tangu siku hiyo tumekuwa tukisalimiana kwa adabu nyingi sana. Adabu ya aina hiyo inachosha. Bora mtu akutukane mara moja mkae chini mnywe chai.

Tulimkuta bado hajatoka langoni. Alikuwa amevaa koti la safari, na wapangaji wamemzunguka. Maji hayajakuja. Taa ya choo imeungua. Mtu wa chumba cha mwisho anapika na makaa ndani, moshi unaingia kwa jirani.

"Maji! Maji!" Mama Wairimu akasema. "Mimi naenda kuona mjukuu. Kwani maji nimeyabeba kwa mkoba?"

Halafu tukaona mzigo wake. Gunia la viazi, kabeji kubwa kama vichwa vya watu, blanketi, na sufuria ya kupikia watu wa matanga.

"Mama Wairimu," nikamuuliza, "hii yote ni ya nani?"

"Ya watoto. Si bwanako ndiye huomba kila siku ati Turkana hakuna chakula? Wairimu aliniambia. Mimi nilimwamini." Akanusa hewa. "Na hiyo yako ni nini inanuka hivyo?"

"Omena."

"Ngai! Samaki ni macho tupu."

Hapo nikajua safari itakuwa ndefu.

NAIROBI MPAKA KITALE

Tulipita duka la dawa la Satellite kuchukua dawa ya shinikizo la damu ya Mama Wairimu, tukarudi kuchukua miwani aliyosahau, tukapita Satellite tena. Kwenye basi tulifika wa mwisho, na watu walitutazama sisi, wakatazama gunia, wakatutazama tena.

Kabla basi halijang'oa nanga, Baba Ochieng' alisimama katikati akavua kofia. "Watu wa Mungu, tuombe." Alianza vizuri. Aliombea dereva, akaombea magurudumu, akaombea breki. Kama angeishia kwa breki tungekuwa sawa. Lakini mazoea ni kitu kingine. Alipita mpaka wa Kenya akiwa bado amefumba macho, na alipofika Haiti dereva akachoka kungoja, akaondoa gari. Baba Ochieng' akaanguka nyuma, akamkalia Mama Wairimu.

Wale wa kutoka Nyanza mnaelewa. Kwetu mama mkwe wa kijana wako ni mtu wa kupisha njia. Humkaribii ovyo, huli naye ovyo, sembuse kumfanya kiti. Mume wangu aliruka kama amekalia jiko. Alienda kukaa kando ya mlango wa nyuma na gunia la viazi, mpaka Nakuru. Mama Wairimu naye alikung'uta koti lake, akaangalia dirishani, na baada ya muda mrefu nikaona mabega yake yanatetemeka. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Mama Ochieng'," akaniambia, "bwanako ni mzito. Unampea nini?"

"Omena," nikasema.

Huo ndio ulikuwa mwisho wa adabu nyingi, na nilimshukuru Mungu kimoyomoyo kwa dereva asiye na subira.

Baada ya hapo tulianza kuzungumza habari za jina la mtoto, na hapo ndipo moto ukawaka. Mama Wairimu alisema hakuna cha kujadili, kwao msichana wa kwanza huitwa jina la mama wa baba yake. Yaani mimi. Yaani Atieno. Ningesema sikufurahi ningekuwa nawadanganya. Nilitazama chini kwa unyenyekevu nikangoja aendelee.

Lakini Baba Ochieng', ambaye alikuwa amerudi karibu baada ya Nakuru, akatikisa kichwa. "Atieno ni mtoto wa usiku. Huyu alizaliwa mchana, jua likiwa juu. Huyo ni Achieng'."

"Baba ni Ochieng', mtoto ni Achieng'," Mama Wairimu akasema. "Na wanaishi Lodwar. Kwani hiyo jua hamjaona imetosha?"

Basi lote likacheka. Mpaka tunafika Eldoret, watu tusiowajua walikuwa wamejigawa pande mbili, na mama mmoja aliyebeba kuku alikuwa upande wake peke yake, anataka mtoto aitwe Peninah.

KITALE

Tulilala Kitale katika nyumba ya wageni karibu na soko. Asubuhi tulikula chapati na maharagwe, na Mama Wairimu alikuwa akimwonyesha mpishi namna ya kukunja chapati, simu ya Ochieng' ilipoingia.

Baba Ochieng' aliweka sauti kubwa ili sote tusikie. Ingekuwa afadhali asingeiweka.

"Baba, mtoto amekataa kunyonya tangu jana. Mwili uko moto. Tumemrudisha hospitali."

"Daktari anasema nini?"

"Anasema tungoje. Baba, nyinyi kujeni tu."

Simu ikakatika. Mpishi alikuwa amesimama na chapati mkononi. Mama Wairimu alifunga koti lake vifungo vyote mpaka shingoni, ingawa kulikuwa na jua, akasema, "Gari iko wapi?"

Hakuna aliyetaja tena habari ya jina.

KUTEREMKA MLIMA

Gari la Lodwar lilikuwa na abiria wachache, na kando ya mume wangu akakaa mzee wa Kiturkana, mfanyabiashara wa mbuzi, koti limepigwa pasi na viatu vinang'aa. Alisema anaitwa Ewoi. Nafikiri Baba Ochieng' alitaka kusahau ile simu kidogo, ndiyo maana akaanza mazungumzo kwa lile analolijua.

"Mzee, sisi tumewaombea sana nyinyi watu wa Turkana."

"Asante sana," Ewoi akasema kwa heshima. "Mnatoka wapi?"

"Nairobi. Kibera."

Ewoi akageuka akamtazama vizuri. Akaweka mkono juu ya mkono wake. "Woi. Pole sana, ndugu."

"Pole ya nini?"

"Nilifika huko kuona kijana wangu. Mlango unafunguka kwa mlango wa mtu mwingine. Nilitafuta mahali mtu anaweza kufunga mbuzi mmoja. Mmoja tu. Hakuna." Akatikisa kichwa. "Watu wengi hivyo, na hawana mbuzi."

Mama Wairimu akaona aingilie haraka kabla hajahesabiwa pamoja nasi. "Mimi si wa Kibera. Natoka Kawangware. Niko na ploti."

"Kawangware kuna mbuzi?"

"Hapana."

"Basi pole na wewe, mama."

Siku nyingine ningecheka mpaka machozi. Siku hiyo nilicheka nusu, nusu ile nyingine ilikuwa hospitalini Lodwar. Barabara iliteremka ikizunguka miamba, baridi ya milimani ikabaki nyuma, na joto likaingia kwa madirisha kama mtu amefungua oveni ya mkate. Mama Wairimu hakufungua kifungo hata kimoja.

MTO ULIOKUWA MCHANGA

Huko Turkana kuna mito isiyo na maji. Wanaiita laga. Siku zote ni mchanga tu, watoto wanachezea ndani, mbuzi wanalala ndani. Lakini mvua ikinyesha milimani, maji huja ghafla yakiwa na miti na mawe, hata kama pale uliposimama hakujaanguka tone.

Tulifika laga tukakuta magari yamesimama ng'ambo hii na ng'ambo ile. Katikati palikuwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa, yanakwenda kwa nguvu, yanavuma. Dereva alizima injini, akashuka, akakunja mikono kifuani.

"Mvua imenyesha huko juu," akasema. "Tungoje."

"Mpaka saa ngapi?" nikauliza.

"Mama, hiyo uliza maji."

Nilijaribu simu. Hakuna mtandao. Hapo katikati ya nyika, mtoto yu hospitalini upande wa pili, na hatuna hata namna ya kuuliza kama bado anapumua.

Mama Wairimu alimgeukia mume wangu polepole. "Wewe. Si wewe ndiye huomba mvua Turkana?"

"Ni mimi."

"Mara ya mwisho uliomba lini?"

Baba Ochieng' akakohoa. "Jana asubuhi. Kabla hatujatoka."

"Uliomba vizuri sana! Sasa omba ikome."

Baba Ochieng' alikuwa anatazama ukingoni mwa maji. Ewoi alikuwa amevua vile viatu vyake vinavyong'aa, amekunja suruali, amesimama ndani ya maji mpaka magotini, anajimwagia kichwani na kucheka kama kijana. Wanawake walikuwa wametoka sijui wapi, maana hatukuwa tumeona nyumba, na walikuwa wakiimba na kuchota. Mmoja alikuwa amemshika mtoto wake kwapani anamchovya miguu, mtoto anapiga kelele kwa furaha. Nafikiri mtoto huyo hakuwa amewahi kuona mto ukitembea.

"Siwezi," Baba Ochieng' akasema.

"Kwa nini huwezi?"

"Angalia hao."

Mama Wairimu aliangalia. Aliangalia kwa muda mrefu. Halafu akafungua vifungo vya koti, akalikunja, akaniambia, "Mama Ochieng', shika hiyo upande wa gunia."

Ndivyo tulivyopika kando ya laga. Vijana wa gari lingine walileta kuni, mawe matatu yakapatikana, na ile sufuria ya matanga ikapata kazi. Viazi vya Kawangware vilimenywa na watu wa kila kabila. Ewoi akaongea na wanawake wale kwa Kiturkana, na baada ya muda nyama ya mbuzi ikafika, bado ina joto. Nikatoa omena yangu nikaikaanga kwa kifuniko cha sufuria, kwa sababu ndani hapakuwa na nafasi. Mama Wairimu alionja mmoja, kwa ncha ya vidole, akiwa amegeuza uso ili asitazamane naye. Akaonja tena. Nilipogeuka kuchukua chumvi, nikarudi, kifuniko kilikuwa nusu.

"Ni hawa watoto," akasema. Hapakuwa na mtoto karibu.

Alipokwenda kuosha sufuria ukingoni, maji yaliinyakua mkononi mwake. Ilizunguka mara kadhaa katikati ya mto kama inatuaga, ikaenda zake. Hiyo ndiyo habari iliyowafikia mkasema ni yeye. Alisimama akiitazama, halafu akakaa chini kwenye mchanga, yeye na sketi yake nzuri, na ndipo nikaona kuwa amechoka kuwa na nguvu.

"Mama Ochieng', na kama tukifika tukute…"

Nikakaa karibu naye. Baba Ochieng' akaja, akavua kofia, akapiga magoti mbele yetu. "Tuombe," akasema. "Bwana…"

Tukangoja.

"Bwana…"

Nimeishi na mtu huyu miaka mingi. Nimemsikia akiombea nchi ambazo hawezi kuzionyesha kwenye ramani, maneno yakimtoka kama maji ya mfereji uliopasuka. Siku hiyo, kwa mtoto mmoja mdogo asiyezidi mkate, hakupata neno. Midomo yake ilicheza tu. Alifinyanga kofia mpaka ikawa kitambaa.

Ndipo Mama Wairimu akaanza. Aliomba kwa Kikuyu, sauti ya chini, kama anavyoongea mtu na jirani kupitia ukuta wa mabati. Sikuelewa, isipokuwa Ngai, na jina la Wairimu. Halafu nikasikia Atieno. Nikadhani ananiombea mimi. Akarudia, Atieno, Atieno, huku mkono wake ukipapasa mchanga kama unapapasa mgongo wa mtoto, na nikajua si mimi. Alikuwa amempa mjukuu wetu jina langu mbele ya Mungu bila kumngoja mtu. Niliinama nikalia. Baba Ochieng' alisema amina, na hilo ndilo neno la pekee alilopata.

Jua lilikuwa limeanza kulegea dereva alipoingia majini kwa miguu kupima. Yalimfika chini ya goti. Tukavuka. Ewoi alivuka mbele ya gari akiwa ameshika viatu vyake juu, kama mtu anayeingia mahali pa heshima.

LODWAR

Tulifika giza likianza kuingia. Ochieng' alikuwa kwenye lango la hospitali. Ukiwa mamake mtu huulizi, unasoma uso. Uso wa kijana wangu ulikuwa umechoka, lakini ulikuwa umekaa mahali pake.

"Kujeni," akasema.

Wairimu alikuwa amelala kitandani, usingizi mzito. Mama Wairimu alimshika paji la uso, akapekua blanketi kando yake, akapekua upande wa pili.

"Mtoto yuko wapi? Ochieng', mtoto yuko wapi!"

Kwenye benchi kando ya ukuta alikuwa ameketi mwanamke mrefu, mzee kuliko sisi, shanga nyingi shingoni, amejifunga leso kifuani. Hatukuwa tumemwangalia. Alitutazama sote watatu, akatabasamu, akafungua leso kidogo. Mjukuu wetu alikuwa hapo ndani, ngozi kwa ngozi, shavu limebanwa kifuani pa yule mama. Amelala. Tone la maziwa lilikuwa limekaukia mdomoni.

"Amenyonya kwa mamake," yule mwanamke akasema. "Mara mbili. Joto imeisha."

Ochieng' alitueleza kwamba huyo anaitwa Akiru, jirani yao. Zile wiki ambazo Wairimu alikuwa mgonjwa hata hawezi kukaa, na daktari akasema mtoto mdogo hivyo lazima abebwe kifuani apate joto la mtu, ni Akiru aliyekuwa akija kumbeba. Ochieng' akichoka, anamchukua. Wauguzi walimzoea mpaka wakamwekea benchi lake. Hatukuwa tumeambiwa, kwa sababu kila tulipopiga simu tulikuwa na haraka ya kuanza kuomba.

Mama Wairimu, ambaye wapangaji wake wote wanajua hakai mahali hajapangusa, alikaa chini kwenye sakafu ya hospitali, miguuni pa yule mama, akagusa kisigino cha mtoto kwa kidole kimoja.

Tulilala kwa Akiru. Nyumba ya Ochieng' ilikuwa na nafasi, lakini kwetu baba halali chini ya paa la kijana wake aliyeoa. Nilimwambia Baba Ochieng', wewe si umeokoka? Akasema ameokoka, ila hiyo ni nidhamu tu. Mume wangu amebatizwa kichwa mpaka kiatu, lakini kuna mila aliiacha ukingoni na taulo.

Akiru alitupa maziwa, akatuuliza habari za watu wote wa nyumbani mmoja mmoja, na kila tukijibu anasema pole. Niliona ni mazoea ya lugha, sikuyafuatilia.

JUMAPILI

Mtoto aliruhusiwa kutoka Jumamosi, na Jumapili tulikuwa kanisani. Mchungaji aliuliza jina. Nilimwona Mama Wairimu akivuta pumzi, na mume wangu akirekebisha tai.

"Akiru," Ochieng' akasema.

Sisi babu na nyanya tuliokuwa tumejiandaa, wote tukabaki na pumzi yetu. Na Akiru mwenyewe, aliyekuwa mstari wa nyuma, alifunika mdomo kwa mikono miwili akageuka ukutani kama msichana.

"Maana yake ni nini?" Mama Wairimu akanong'ona.

"Mvua," Ochieng' akajibu.

Mume wangu akafikiri. "Kwetu hiyo ni Akoth."

"Kwetu ni Wambura," Mama Wairimu akasema, na ilikuwa mara ya kwanza nawaona wakitazamana bila kubishana. Haikudumu. Alisimama akamwambia mchungaji kwa sauti ya mwenye ploti, "Na jina la pili ni Atieno. Hiyo nimeshamalizana na Mungu, tusirudi nyuma." Mchungaji akaandika.

Baadaye ukafika wakati wa kuombea dunia. Kanisa hilo hupeana zamu, na zamu ilikuwa ya Akiru. Alisimama akafumba macho akaanza kwa Kiturkana. Sikuelewa neno. Nilikuwa namtazama mtoto. Halafu nikasikia, katikati ya maneno nisiyoyajua, "Kianda." Nikainua kichwa. "Raila." Halafu, wazi kabisa, "Kawangware."

Nilimvuta Ochieng' mkono. "Anasema nini?"

"Anawaombea nyinyi. Huomba kila siku, tangu nimjue. Nilimwambia siku moja habari za kwetu, nyumba zinavyoshika moto moja ikichoma nyingine, mvua ikija watu wanasimama juu ya vitanda. Alisema watu kama hao hawawezi kuachwa hata siku moja bila kuombewa."

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa amefungua macho, kitu ambacho hafanyi mtu akiomba. Mdomo pia ulikuwa wazi.

Mama Wairimu akainama karibu. "Na Kawangware imeingiaje hapo? Sisi tuko sawa."

Ochieng' akasikiliza. "Wairimu alimwambia maji mnanunua kwa mitungi. Anamwomba Mungu awaletee maji."

Mama Wairimu akainamisha kichwa. Nafikiri aliwakumbuka wale wapangaji waliomzingira langoni. Akiru alipomaliza, amina ya Mama Wairimu ndiyo iliyosikika kuliko zote.

KURUDI

Mama Wairimu hakurudi nasi. Alisema atabaki mpaka mtoto anenepe, na kwamba wapangaji wamzoee Mungu kidogo. Tulipoagana alinikumbatia, akaninong'oneza, "Nitumie ile samaki yako." Sijamwambia mtu mwingine, na nyinyi msimwambie kuwa nimewaambia.

Njia ya kurudi haikuwa na habari. Laga ilikuwa imerudi kuwa mchanga, na pembeni nyasi zilikuwa zimeanza kuchomoza, nyembamba kama nywele za mtoto.

Lakini mvua ilikuwa imeshafika Nairobi kabla yetu. Tulipoingia Kianda njia ilikuwa matope, na majirani walikuwa wametutolea godoro, wameinua cherehani juu ya meza, na vitambaa vyenu, msiwe na wasiwasi, vilikuwa vimetundikwa kwa misumari. Maji yalikuwa yameingia mpaka chini ya kitanda. Tulikuwa bado tunapangusa sakafu simu ilipolia. Ilikuwa namba ya Ochieng', lakini sauti ni ya Akiru.

"Mama Atieno, mmefika?"

"Tumefika, mama. Asante."

"Nasikia huko mvua ni kubwa. Nyumba iko aje?"

"Maji iliingia kidogo."

"Iliingia? Mimi niliomba isiingie."

"Iliingia, mama."

"Basi," akasema, kwa sauti ya mtu anayekunja mikono ya nguo aanze kazi, "nitaongeza."

Nilicheka, halafu nikashindwa kucheka. Baba Ochieng' aliweka chini kitambaa cha kupangusia, akanyoosha mkono akaichukua simu. Nilidhani anataka kuanza kuomba, nikaangalia chai iko wapi.

"Mama Akiru," akasema, "ni mimi, mzee. Hebu niambie. Nyinyi huko mko aje?"

Akavuta kigoda, akakaa na miguu yake kwenye maji, akasikiliza.